Maji ya Kisima na Jua la Nzuguni



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu hatukuchagua sisi la kuandika. Tumechaguliwa na barua. Ndugu yetu mmoja akaaye Nzuguni, upande wa mashariki ya mji wa Dodoma, ametuletea maswali matatu, na mawili katika hayo ni ya maji. Asema kwamba amechimba kisima kifupi katika kiwanja chake, na kwamba maji yake ni maangavu, ila siku za mvua huwa na harufu. Amesikia sokoni kwamba umepatikana unga ambao ukitiwa katika maji, na maji yakawekwa juani, basi jua huunguza kila uchafu uliomo. Ataka kujua kama khabari hiyo ni kweli au ni maneno ya wachuuzi. Tena mkwewe, bibi mwenye dini na aliyesoma, amemkataza kuweka maji juani, akimwambia kwamba maji yaliyochomwa na jua ni makruhu. Na katikati ya barua, kama mtu atajaye jambo dogo, ameandika kwamba nyumbani mwake mna mtoto wa miezi miwili anyweshwaye maziwa ya unga kwa sababu mama yake ni mgonjwa, na kwamba maji ya maziwa hayo hutekwa katika kisima hicho, nayo huchemshwa sana, muda mrefu, ili yawe salama.

Tutaanza na hilo alilolitaja kama dogo. Ndugu yetu, kabla hujaendelea kusoma mstari mwingine, acha kumpa mtoto maji ya kisima hicho. Mchukulie maji ya bomba la DUWASA, au ununue ya chupa, mpaka ya kwako yapimwe.

Sababu yake ni hii. Mkojo na choo cha binadamu vina dutu iitwayo naitrojeni. Vikizama ardhini, vidudu vya udongo huigeuza kuwa nitrati, nayo nitrati huyeyuka katika maji kama chumvi iyeyukavyo katika mchuzi, kisha husafiri pamoja nayo mpaka kisimani. Haina rangi, haina harufu, wala mtu haionji. Mtu mzima aweza kuinywa asione kitu. Lakini tumboni mwa mtoto mchanga hugeuka sumu iingiayo katika damu na kuizuia kubeba hewa, hata mtoto huwa rangi ya buluu midomoni na kuchani, na asipowahiwa hufa. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati katika lita moja, na mpaka huo umewekwa khasa kwa ajili ya watoto wa chupa. Nasi watu wa Dodoma hatuwezi kusema kwamba hii ni khabari ya nchi za mbali, kwa maana mwaka 1996 mtaalamu wa miamba na maji, Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha uchunguzi wake juu ya nitrati nyingi katika maji ya chini ya ardhi ya Dodoma, akaonyesha kwamba maji machafu ya binadamu ni katika asili zake. Tangu siku hizo mji umeongezeka mno. Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji, na Nzuguni iliyokuwa mashamba sasa ni nyumba kwa nyumba, na karibu kila nyumba ina shimo lake la choo.

Kuchemsha hakufai kitu katika jambo hili, bali huzidisha. Maji huondoka kwa mvuke na nitrati hubaki sufuriani. Basi aliyechemsha muda mrefu zaidi kwa kumhurumia mwanawe ndiye aliyemzidishia. Hatusemi kwamba kisima cha ndugu yetu kinayo. Hilo hujulikana kwa kupimwa tu, na Wizara ya Maji inayo maabara ya ubora wa maji hapo hapo Dodoma. Apeleke chupa ya maji, aulize juu ya nitrati, chumvi, na vidudu vya choo. Maji ya ardhi ya nchi hii huwa na chumvi nyingi mahali pengi, kila mkaazi ayajua kwa ulimi wake na kwa ukoko ulio ndani ya birika.

Sasa tuje kwenye unga. Khabari aliyoisikia ina asili ya kweli, na asili yake ni Ujapani. Mwanafunzi Akira Fujishima, pamoja na mwalimu wake Kenichi Honda, waliona kwamba oksidi ya titani iliyozamishwa majini ikimulikwa, maji hupasuka yakatoa hewa zake. Wakaichapisha khabari hiyo mwaka 1972. Oksidi ya titani si kitu cha ajabu, ndiyo unga mweupe uliomo katika rangi za kuta. Baada yao wengine wakaona kwamba nguvu ile ile iwezayo kupasua maji yaweza pia kupasua sumu zilizomo majini.

Namna ifanyavyo kazi ni hivi. Mwale wa jua ukipiga chembe ya unga, huing'oa elektroni mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo lina njaa. Huyanyang'anya maji yaliyo jirani, na katika kunyang'anya huko huzaliwa kitu kikali kiitwacho haidroksili, ambacho umri wake ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika umri huo mfupi huuma chochote kilichoundwa kwa kaboni kilicho karibu nacho: rangi ya nguo, mafuta ya gari, dawa iliyopigwa mizabibu, masalio ya vidonge tulivyomeza. Hukivunja vipande, na vipande huvunjwa tena, mpaka mwisho panabaki maji na ile hewa ya kaboni tuitoayo puani. Unga wenyewe haupungui. Watu wa kemia hukiita kitu cha namna hii kichocheo, na mfano wake ni mshenga: huwakutanisha watu, ndoa ikafungwa, yeye akarudi kwake kama alivyokuja, tayari kwa posa nyingine.

Lakini mshenga huyu alikuwa na kasoro tatu, na miaka hamsini na zaidi wataalamu wanahangaika nazo.

Ya kwanza, oksidi ya titani haishtuki kwa mwanga tuuonao. Hutaka miali ya urujuanimno, nayo si zaidi ya sehemu tano katika mia ya nguvu za jua zitufikiazo. Jua la Dodoma ni jingi, karibu miezi minane ya mwaka mvua haionekani, lakini sehemu kubwa ya jua hilo humpita huyu bila kumwamsha. Mwaka 2009 wataalamu wa Uchina, Ujapani na Ujerumani walitangaza kwamba unga mwingine wa manjano, ulioundwa kwa kaboni na naitrojeni peke yake, waweza kuutumia mwanga wa kawaida. Na wa kustaajabisha ni kwamba unga huo waweza kufanywa kwa kuchoma urea katika tanuri la joto la digrii 550 hivi. Urea hiyo ni hii hii ya magunia, ionyeshwayo kila mwaka katika viwanja vya Nane Nane hapo Nzuguni. (Vijana wetu wapendao kujaribu mambo wasiichome jikoni, hutoa moshi wa amonia ukatao pumzi.)

Ya pili, haidroksili haiendi mbali. Uchafu usiogusana na chembe ya unga hausalimiki na maji, bali hupita salama. Ndiyo maana siku hizi wanatafuta vitu vyenye matundu mengi, ili uchafu uingie, ukwame, na mwanga uukute ndani. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungini ajua kwamba udongo uliochomwa una matundu, kwa maana mtungi hutoka jasho na maji yakapoa. Basi fikiri kitu chenye matundu madogo kuliko ya mtungi mara nyingi zisizohesabika, yaliyopangwa sawasawa kama sega la nyuki. Mtu aliyekuwa mbele katika kuvijenga vitu hivyo ni Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika jamaa ya wakimbizi wa Kipalestina. Wazazi wake hawakuwa watu wa kusoma. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha watu wengi pamoja na mifugo. Maji ya bomba yalikuja kwa saa chache tu na kisha yakapotea kwa siku nyingi, na mtoto Omar alikuwa katika wa kujaza vyombo. Alikwenda Marekani akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Susumu Kitagawa wa Ujapani na Richard Robson wa Australia. Gramu chache za kitu alichokitengeneza mwaka 1999, ambazo zingeenea katika kijiko, zina uso wa ndani sawa na uwanja wa mpira. Tumeitaja khabari yake kwa urefu kidogo kwa sababu wako watoto wengi wasomao ukurasa huu na ndoo ya maji inawangoja mlangoni.

Kasoro ya tatu ni ya nyumbani zaidi. Unga ukiwa laini hauonekani tena katika maji, na kuutoa ni kazi. Aliyeutia ndani ya ndoo atakunywa maji pamoja na unga. Jumuiya ya Ulaya ilikataza mwaka 2022 kuutia unga wa titani katika vyakula, kwa kuwa wataalamu wao hawakuweza tena kuuthibitisha kuwa salama. Kwa ajili hiyo wafanyao kazi hii kwa uangalifu huubandika juu ya kioo, au udongo, au kitu kingine chenye matundu, maji yakapita na kichocheo kikabaki. Huko Andalusia, katika bara kavu la Tabernas karibu na mji wa Almería, ambao jina lake hata leo ni la Kiarabu, al-Mariyya, mnara wa mlinzi, wataalamu wa Kihispania wameyapitisha maji yenye dawa za mashamba katika mabomba ya kioo yaliyopangwa juu ya vioo vya kurudisha mwanga, jua likayasafisha. Nchi ile ni kavu na yenye jua kama ya Wagogo. Lakini ule ni mtambo wenye wahandisi na wapimaji, si paketi ya kununua sokoni.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni kwamba elimu ni ya kweli, na paketi asiinunue. Na iko sababu nyingine inayotuhusu sisi wa Dodoma kuliko watu wa Almería. Kichocheo hiki huvunja vitu vya kaboni na kuua vidudu. Chumvi hakiigusi, na nitrati haiondoi. Bali kikivunja uchafu wa mkojo, naitrojeni iliyomo huweza kuishia kuwa nitrati ile ile tuliyoitaja juu. Maji yangependeza machoni, harufu ingekwisha, na hatari ya mtoto ingebaki pale pale. Mtu wa dawa moja ni mtu wa kuogopwa, awe mganga au awe muuza unga.

Hapa kwetu Tanzania yuko aliyelielewa jambo hili vyema, naye ni Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, ambaye chujio lake la mchanga na vitu vyenye matundu lilipata mwaka 2015 zawadi ya kwanza ya Afrika ya uvumbuzi wa uhandisi. Chujio lile halitumii mwanga. Tumelitaja kwa ajili ya msingi wake: maji ya mahali hupimwa kwanza, kisha chujio hutengenezwa kwa kufuata kilichoonekana, kwa maana ya Arusha yana floridi na ya mahali pengine yana jingine.

Ndugu yetu aweza kuuliza, je, jua lenyewe, bila unga, halina faida? Linayo, na ni kubwa, kwa vidudu. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani kilichoko Beirut waliandika kwamba mwanga wa jua huua vidudu vya maradhi katika maji yaliyowekwa ndani ya vyombo viangavu. Katika miaka ya 1990 jambo hilo likajaribiwa kwa jirani zetu Wamasai wa Kenya. Watoto 206 walipewa chupa za plastiki. Baadhi yao wakaziweka juu ya paa tangu asubuhi, na wengine wakaziweka ndani ya nyumba. Waliokunywa ya juani waliharisha kidogo kuliko wenzao, na khabari yao ikachapishwa mwaka 1996. Kisha kipindupindu kilipoingia katika nchi ile mwaka 1997 na 1998, katika watoto wadogo 155 waliokunywa maji ya juani walishikwa watatu, na katika 144 waliokunywa mengine walishikwa ishirini.

Namna yake ni rahisi. Chupa iwe nyangavu, isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, imebanduliwa karatasi yake na haijachubuka. Maji yawe maangavu. Yakiwa na tope yaachwe yatulie na yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, maana mwanga haupiti katika tope. Ilazwe juu ya bati saa sita za jua kamili. Mawingu yakitanda, siku mbili. Maji yanywewe kutoka katika chupa ile ile, yasimiminwe katika ndoo isiyooshwa. Na yakumbukwe maneno ya juu: njia hii ni ya vidudu tu.

Hapo ndipo tunapokutana na neno la mkwewe. Kwanza tumpe heshima yake, kwa maana hakusema kwa kubuni. Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika Afrika ya Mashariki, maji yaliyopata moto kwa jua yametajwa miongoni mwa yaliyo makruhu. Lakini waliyoyataja wameyafunga kwa masharti. Chombo kiwe cha madini yafuliwayo kwa nyundo, kama shaba na chuma, isipokuwa dhahabu na fedha. Nchi iwe ya joto kali. Maji yatumiwe mwilini. Na yatumiwe yangali moto. Yakipoa, ukaraha umeondoka. Na sababu waliyoitaja ni ya tiba, kwamba kutu ya madini ikipanda juu ya maji ya moto yaogopwa kuleta mbalanga. Imamu Shafii mwenyewe katika kitabu chake Al-Umm hakuona ukaraha ila kwa upande wa tiba, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alilitazama jambo hili, akaona hadithi iliyopokewa juu yake ni dhaifu isiyotegemewa, na akachagua kwamba hapana ukaraha. Basi chupa ya kioo au ya plastiki haimo katika masharti yale, wala maji yaliyoachwa yakapoa mpaka jioni. Ndugu yetu amsomee mkwewe maneno haya kwa adabu, na kama bado moyo wake hautulii, ampe ya mtungini. Makruhu kwake si jambo la kugombana nyumba nzima.

Limebaki neno la udhu, ambalo hakuliuliza, lakini harufu aliyoitaja inalileta. Maji yakifika qullatayni, nazo hukadiriwa kuwa lita 200 hivi, yaani pipa moja, hayanajisiki kwa najisi iliyoingia ila yakibadilika rangi, utamu au harufu. Kama harufu ya siku za mvua ni ya tope na majani yaliyooza, maji ni tohara na udhu wake ni sahihi. Kama ni ya choo, basi hayafai kwa sala mpaka harufu iondoke. Na maulamaa wetu walipambanua jambo zuri sana: mabadiliko yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezeka maji, tohara hurudi, lakini yakifunikwa kwa miski au zafarani, hairudi, kwa kuwa haijulikani kama uchafu umeondoka au umejificha. Mwaka 1978 Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudi Arabia liliulizwa juu ya maji ya mifereji ya choo yaliyosafishwa kwa mitambo, likajibu kwamba usafishaji ukiondoa athari zote za utamu, rangi na harufu, maji hayo ni tohara. Yakiwa na madhara, huachwa kunywewa kwa ajili ya madhara, si kwa ajili ya unajisi. Ni mambo mawili mbalimbali. Maji ya ndugu yetu yaweza kuwa tohara kwa sala yake na yakawa sumu kwa mwanawe, saa ile ile, katika ndoo moja.

Alipopeleka chupa yake maabara, na apime pia kwa hatua toka kisimani mpaka shimo lake la choo, na mpaka mashimo ya majirani, khasa wa upande wa juu wa mteremko. Chini ya mita 30 ni karibu mno. Ikiwa ndivyo, kisima kitumike kwa kufulia na kumwagilia, na juhudi yake aielekeze katika kuvuta bomba. Visima virefu vya DUWASA vimechimbwa huko huko Nzuguni, na maji yake hupimwa.

Swali lake la tatu, la zaka ya zabibu za shamba lake, linataka nafasi yake peke yake, kwa kuwa yeye huziuza mbichi kwa watengeneza mvinyo na hapo pana mambo mawili ya kuangaliwa, si moja. Tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah. Tungependa pia atuandikie maabara imesema nini.